Tantra Si Mambo ya Chumbani

Ukitaka kujua Nairobi imeifanyia nini tantra, soma matangazo ya masaji ya Kilimani na Westlands. Mishumaa, mafuta ya manukato, chumba cha faragha, malipo kwa saa. Si ajabu mtu mzima akilisikia neno hilo huchekea pembeni, au hugeuka kwanza kutazama kama watoto wako karibu. Sasa toka Lavington, fuata Barabara ya Gitanga uteremke hadi Kawangware. Au panda matatu ya namba 8, ushuke Olympic, uingie Kibera kwa miguu. Huko ni nadra kumsikia mtu akiitaja tantra. Ila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa mtaa au darasa la shule ambalo madawati yake yamerundikwa ukutani, utakuta watu wamejipanga kwenye mikeka wakivuta pumzi kwa kuhesabu. Hao, pasipo kulijua jina, wako karibu na tantra kuliko yule anayelipa kwa saa kule juu.

Najua nitaudhi wengi. Wachungaji watauliza kwa nini gazeti linapigia debe mapepo ya Kihindi. Wenye mishumaa watasema nawaharibia soko. Hata baadhi ya wafadhili, waliozoea kuiita yoga ya mitaa ya mabanda uponyaji wa kiwewe, hawatapenda nikisema kwamba wanachofanya wale watu wa mikekani si tiba ya umaskini na hakikukusudiwa kuwa hivyo. Ni mafunzo. Yana nidhamu yake, yana walimu wake, na yanastahili kupewa heshima tunayompa fundi yeyote aliyekaa chini ya fundi mwingine akajifunza.

Tuanze na tantra yenyewe. Ni mkusanyiko wa maandiko na mafunzo yaliyoanza kuonekana India katikati ya milenia ya kwanza ya zama zetu, miongoni mwa waabudu wa Shiva na wa mungu wa kike Shakti, na pia miongoni mwa Wabudha, ambao waliyafikisha hadi Tibet. Kabla yake, yoga iliyokusanywa katika Yoga Sutra ya Patanjali ilikuwa zaidi safari ya kujiondoa: tuliza akili, funga milango ya hisi, itenge nafsi na maumbile. Watu wa tantra hawakuridhika na hilo. Kwao nguvu inayoendesha jua na kuotesha mtama ndiyo hiyohiyo inayopiga moyoni mwako, hivyo kuutoroka mwili ni kukimbia mahali hasa unapotakiwa ufanye kazi. Ingia ndani yake, usome, uamshe kilicholala. Ulimwengu huu, pamoja na vumbi na kelele zake, ndio uwanja.

Hapo ndipo zilipotoka mbinu ambazo leo kila mtu anazisikia nusunusu. Mantra inayorudiwa kimoyomoyo mpaka ishikamane na pumzi. Mudra, yaani mikono kushikwa kwa namna maalumu. Michoro ya kukazia macho. Kugusa viungo kimoja kimoja huku herufi takatifu ikitajwa juu ya kila kiungo, ili hata kisigino kijue kwamba nacho kimo kwenye ibada. Halafu ile ramani ya ndani: njia ya pumzi ya kushoto iitwayo ida, ya kulia iitwayo pingala, na ya katikati, sushumna, inayopanda na uti wa mgongo, chini kabisa kuna nguvu iliyojikunja, kundalini, na juu yake vituo viitwavyo chakra. Siku hizi utaambiwa chakra ni 7 na kila moja ina rangi yake ya upinde wa mvua. Maandiko ya kale hayakubaliani hata kwa idadi. Mengine yana 5, mengine 6, mengine 9 na zaidi, na mpangilio wa rangi uliletwa na watu wa Magharibi katika karne ya 20. Hazikuwa viungo vya kupigwa picha hospitalini. Zilikuwa mahali pa kuielekeza akili, na kila shule ilichora ramani kulingana na kazi iliyotaka kuifanya.

Na ile ngono je? Ipo, sitaificha. Baadhi ya matawi yalikuwa na ibada ya siri yenye vitu vitano ambavyo Brahmin, mtu wa tabaka la makuhani, mwenye kujitunza asingevigusa: mvinyo, nyama, samaki, nafaka iliyokaangwa na tendo la ndoa. Mwanafunzi hakupelekwa huko kustarehe. Alikuwa amekwisha kufundwa muda mrefu, na sasa alitakiwa agundue, kwa tumbo na kwa ngozi yake, kwamba mstari unaotenga safi na chafu umechorwa na watu. Wengine walikwenda kutafakari mahali maiti zinapochomewa. Katika duara la ibada waliweza kukaa pamoja watu wa matabaka ambayo mchana hayakupeana hata maji ya kunywa, na mwanamke aliweza kuwa mwalimu. Tusizidishe chumvi hapa: wafalme nao waliipenda tantra na kuwalipa makuhani wake wawatafutie ushindi vitani, kwa hiyo haikuwa harakati ya wanyonge. Lakini ilikuwa na maswali ambayo mnyonge angeyaelewa haraka.

Kilichofuata kinajulikana. Mmarekani Pierre Bernard aliifanya tantra gumzo la magazeti ya New York mwanzoni mwa karne iliyopita, na kufikia miaka ya 1970 Rajneesh, aliyekuja kuitwa Osho, alikuwa ameipatia wateja dunia nzima. Kati ya vitu vitano kikachukuliwa kimoja, vinne vikaachwa jikoni. Matangazo ya Kilimani yametoka kwenye ukoo huo.

Kuna andiko moja ambalo ningependa walimu wetu wa mitaani walifahamu zaidi. Linaitwa Vijnana Bhairava, nalo linataja njia 112 za kutafakari. Nyingi hazihitaji kitu. Angalia ile nafasi finyu kati ya pumzi inayotoka na inayoingia. Angalia furaha inayolipuka ndani yako ukikutana na ndugu mliyepotezana miaka. Mwanzo wa chafya. Hofu unapokuwa unakimbia. Njaa inapoanza, na njaa inapokwisha. Nimelisoma hilo la njaa mara nyingi na kila mara nashangaa kwamba mtu aliyeandika Kashmir, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliona njaa kuwa mlango wa elimu badala ya aibu ya kufichwa. Sisemi mtu wa Gatwekera, Kibera, aachiwe njaa yake aitafakari. Nitalirudia hilo chini. Nasema tu kwamba andiko hili halikuandikiwa watu wenye mabafu ya marumaru.

Yoga ya mwili tunayoiona leo, yenye mikao na kushikilia pumzi, ni mzao wa tantra. Andiko la zamani zaidi lenye mbinu zake, Amritasiddhi la karne ya 11, lilitoka miongoni mwa Wabudha wa tantra. Watawa wa Kihindu wa ukoo wa Nath, wanaomhesabu Gorakhnath kuwa mmoja wa wazee wao, waliieneza. Karne ya 15 Svatmarama akaikusanya katika Hatha Yoga Pradipika. Miaka ya 1930 Krishnamacharya aliifundisha katika jumba la Maharaja wa Mysore, na wanafunzi wake, B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois, wakaisambaza ng'ambo. Marekani ikaipa jasho na kasi. Mmoja wa waliofanya hivyo ni Baron Baptiste. Mwanafunzi wake, Paige Elenson, alikuja Kenya kutembea na familia yake, akawaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, akaenda kusimama nao. Kutokana na hilo likazaliwa shirika la Africa Yoga Project mwaka 2007, lililowafunza vijana wa Kibera, Kawangware, Mathare na kwingineko kuwa walimu, nao wakarudi kufundisha kwao.

Hebu tafakari njia hiyo. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli ya Uganda kuanzia 1896. Wajukuu wa waliobaki, na wa wafanyabiashara waliofuata, ni majirani zetu. Mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya. Mahekalu ya Ngara na Parklands yapo safari ya matatu mbili tu kutoka Kibera. Hata hivyo yoga haikupitia hapo. Ilitoka India ikaenda Amerika, ikavaa suruali za kubana, ndipo ikatua Nairobi ikiwa na mkufunzi wa Kizungu. Na kituo ambacho mamia ya vijana walikusanyika Jumamosi kwa darasa la bure kilikuwa Sarakasi Dome, Ngara, jengo ambalo zamani lilikuwa sinema ya Shan, ambako Wahindi wa Nairobi walikwenda kutazama filamu za Bombay. Jengo lilijua zaidi ya watu waliokuwa ndani yake. Kuna ukuta Nairobi kati ya Mwafrika na Mhindi ambao yoga ilibidi iuzunguke kwa ndege, na hilo ni jambo la kutuaibisha sote, wa pande zote mbili za kaunta ya duka.

Darasa la mtaani lenyewe halina mapambo. Paa ni mabati, na kufikia saa nne asubuhi yameanza kulia kwa joto. Jirani anasaga nafaka, mwingine ameweka injili kwa sauti ya kupasua spika. Mikeka ya yoga haitoshi, kwa hiyo walio nyuma wametandika leso na magunia yaliyofuliwa. Dirishani kuna vichwa vya watoto, na hao ndio wanafunzi hodari kuliko wote, maana kila mkao wanauiga nje vumbini bila kuambiwa. Mwalimu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mabega ya mtu aliyewahi kubeba wenzake watatu katika piramidi la sarakasi. Hasemi sana. "Vuta. Shikilia hapo. Sasa achilia, pole pole, usiitupe." Anapita kati ya watu, anamgusa mmoja kisigino, anamwambia mwingine alegeze taya. Hilo la taya nililiangalia kwa makini. Mama mmoja alikuwa ameushika mkao vizuri, magoti yamekaa, mgongo umenyooka, ila meno ameyauma kana kwamba anazuia kitu kisitoke. Mwalimu alijigusa shavu lake mwenyewe, basi. Mama akaelewa, akaachia, na mabega yakashuka yenyewe kama vidole viwili. Huyo mwalimu hajasoma neno la Kisanskriti, lakini kazi aliyoifanya pale ndiyo walioandika yale maandiko waliyoikusudia: kumwonyesha mtu mahali nguvu yake inapokwama, na kumwacha aifungue mwenyewe.

Mwishoni watu hulala chali, mikono pembeni, macho yamefumbwa. Mkao huo unaitwa wa maiti. Kwa anayeishi Lavington ni dakika za kupumzika. Kwa anayeishi chumba cha futi 10 kwa 10 na watoto wanne, pazia likitenga kitanda na jiko, hizo huenda zikawa dakika pekee za wiki nzima ambazo hakuna anayemwomba kitu. Nimewaona watu wakilala usingizi wa kukoroma, na mwalimu mwenye busara huwaacha.

Kawangware ina jambo lake. Ukipita alfajiri kwenye njia za kuingilia Lavington na Kileleshwa utawakuta akina mama wamekaa kando ya barabara wakisubiri mtu asimamishe gari na kusema ana nguo za kufua. Mama fua hulipwa kwa mzigo au kwa siku. Kifaa chake cha kazi ni mgongo. Anainama juu ya beseni kuanzia asubuhi, magoti yamenyooka, uzito wote umening'inia kiunoni, na jioni anarudi nyumbani kuinama tena juu ya jiko. Wanaume wao wako mjengoni, wanapanda na simenti begani. Hapa mkao wa yoga si pambo. Kumfundisha mama fua kukunja kwenye nyonga badala ya kiuno, kupiga goti moja chini, kupandisha beseni juu ya stuli, kutoa pumzi wakati wa kunyanyua: hayo yanaweza kumwongezea miaka ya kazi. Na kuna la pili, ambalo jimu haifundishi. Mtu aliyezoea kuutumia mwili wake kama punda wa kukodi huacha kuusikia. Maumivu huyasikia yakishakuwa ugonjwa. Pumzi inayofuatwa kwa makini, ile ya tundu moja la pua kuzibwa na jingine kuachwa kisha kubadilishana, humrudisha nyumbani kwake. Atajua leo nimechoka, atajua huyu bosi amenitia hofu, atajua hasira hii ni ya jana. Hiyo ndiyo tantra ninayoizungumzia. Haihitaji mshumaa.

Sasa wachungaji. Sitawadhihaki, maana hofu yao ina msingi. Maneno ya mantra mara nyingi ni majina ya miungu, na Mkristo au Mwislamu ana haki ya kujua anatamka nini. Vatikani yenyewe ilitoa barua mwaka 1989 ikiwatahadharisha waumini wasichanganye mbinu za kutafakari za Mashariki na sala ya Kikristo, ingawa haikufunga mlango kabisa. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008. Indonesia, mwanzoni mwa 2009, ikachukua njia ya katikati: mantra ni haramu, mazoezi tupu hayana neno. Halafu Saudi Arabia, ambayo hakuna anayeweza kuiambia haijui tauhidi, ikaitambua yoga kuwa mchezo mwaka 2017. Wazee wa Kinubi wa Makina, ambao familia zao zilikuwepo Kibera kabla ya wengi wetu, wanaweza kuamua wenyewe wapo upande gani wa mjadala huo. Walimu wengi wa mitaani nao wamekwisha kupata suluhu yao: hawataji miungu, wanahesabu pumzi kwa Kiswahili, na anayetaka kumwita Yesu kimoyomoyo na amwite.

Ila nina neno kwa wale wanaopaaza sauti kwamba yoga inaleta mapepo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, tulifukua miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamefunga kula mpaka kufa wakiambiwa ndiyo njia ya kumwona Bwana. Mhubiri wao hakuwa Mhindi wala hakuwa na mkeka. Waliuawa na fundisho kwamba mwili ni adui, kwamba ukiudhoofisha roho inapanda. Kati ya fundisho hilo na lile linalosema mwili ndio nyumba ya kazi yako ya kiroho, mimi najua lipi ningependa mtoto wangu alisikie kwanza.

Kuna kundi moja Nairobi linaloitaja tantra waziwazi, bila kulificha jina, nalo ni Ananda Marga. Lilianzishwa mwaka 1955 huko Jamalpur, Bihar, na Prabhat Ranjan Sarkar, karani wa hesabu katika karakana ya reli. Unaona reli haituachi. Watawa wake huvaa rangi ya chungwa. Wa kiume huitwa dada na wa kike didi, jambo ambalo limewachekesha Waswahili kwa miaka mingi, mwanamume mwenye ndevu kuitwa dada. Dunia wameigawa katika sekta, na sekta ya Afrika kusini mwa Sahara inaitwa Nairobi. Kutafakari hufundishwa bila malipo, mtu mmoja na mwalimu mmoja, na mwanafunzi hupewa mantra yake mwenyewe. Kabla ya mikao yote huja maadili kumi ya kale, ambayo matano ya kwanza ni kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kumwona Mungu katika kila kitu, na kutojilimbikizia. Tena huduma kwa watu ni sehemu ya ibada, si hisani ya baadaye. Ndiyo sababu tawi lao la misaada, AMURT, linafanya kazi Kenya.

Napenda mpangilio huo wa mambo. Maadili kwanza, mkao baadaye, na huduma haitengwi na kutafakari. Lakini makundi yenye kiongozi mmoja anayeabudiwa hunipa wasiwasi, na historia ya Ananda Marga ni ya misukosuko: Sarkar alikaa gerezani India kuanzia 1971 hadi alipoachiliwa na mahakama mwaka 1978, kundi likapigwa marufuku wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi, na mwaka 1982 watawa wake 17 waliuawa mchana kweupe katika jiji la Kolkata. Waliteswa, nao walishutumiwa kwa mengi. Msomaji anayetaka kujiunga na asome pande zote.

Maana guru, yaani mwalimu wa kiroho, ndiye mlango hatari zaidi wa nyumba hii. Tantra haiwezekani bila mwalimu, hilo halina ubishi. Mbinu zake hupitishwa kutoka mtu hadi mtu. Na hapo hapo ndipo inapooza. Pattabhi Jois, yule wa Mysore ambaye mtindo wake ndio babu wa madarasa mengi ya Nairobi, alikuja kushutumiwa baada ya kifo chake na wanafunzi wanawake kwamba aliwashika sehemu za siri akijidai anawarekebisha mikao. Novemba 2023 polisi wa Ufaransa walimkamata Gregorian Bivolaru, Mromania mwenye mtandao wa shule za yoga ya tantra, kwa tuhuma za ubakaji na usafirishaji wa watu, naye alikanusha. Kama hayo yametokea kwa watu wenye mawakili na pasipoti, je, msichana wa Laini Saba, Kibera, ambaye mwalimu ndiye amempa viatu, karo na matumaini ya kwenda ng'ambo? Ataripoti wapi, na nani atamwamini? Darasa lolote la mtaani, liwe la Mzungu, la Mhindi au la kijana wetu, liwe na kanuni tatu zilizobandikwa mlangoni kwa Kiswahili: huguswi bila ruhusa yako, hufundishwi peke yako chumba kimefungwa, na kuna mtu wa nje ya shirika wa kumpigia simu. Asiyetaka kuzibandika, tumjue mapema.

Nilisema nitarudi kwenye njaa. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakaachwa bila paa. Mvua za 2024 zilipofurika, waliojenga kandokando ya mito walizolewa, kisha serikali ikaja kubomoa yaliyobaki. Katika misiba kama hiyo hakosi kutokea mtu mwema wa kuleta kipindi cha kupumua. Pumzi inamsaidia mtu asizimie; haimrudishii mabati yake. Nimechoka na picha za kijana wa Kibera amesimama kwa kichwa juu ya njia ya reli, machweo nyuma yake, chini yake maandishi kuhusu amani ya ndani. Picha za watoto wa Kibera wanaocheza baleti zilitembea dunia nzima vivyo hivyo. Waliotazama walilia, na mtungi wa maji wa lita 20 ukaendelea kununuliwa kwa bei ambayo mwenye bomba la nyumbani hajawahi kuilipa. Tantra haimwambii mtu aridhike na mtaro wa maji machafu mlangoni. Watu waliokaa na maiti ili wauone ulimwengu ulivyo hawakuwa wakitafuta dawa ya usingizi. Mtu aliyejifunza kuusikia mwili wake, kwa kawaida, huwa mgumu zaidi kudanganywa na mwenye ploti au mwanasiasa.

Jambo la kushughulikia kwanza, kwa maoni yangu, ni pesa. Kozi ya saa 200 inayotambulika kimataifa ndiyo cheti cha kuingilia kazi hii, na kwa bei ya soko haiwezi kulipwa na kijana wa Kawangware. Wengi wa walioipata walidhaminiwa. Sawa. Lakini udhamini una kikomo, na mfadhili akibadili mawazo mwalimu hubaki na cheti na njaa. Baadhi yao sasa wanavuka kwenda kufundisha Lavington, Karen na Runda, nyumbani kwa watu, hotelini, katika ofisi za mashirika. Vizuri. Walipwe sawa na Mzungu aliyesomea cheti hichohicho, wala wasiambiwe kwamba kwao inatosha kuonekana. Tabia ya kumtafuta kijana wa mtaani kwa sababu eti ni wa bei nafuu, kisha kumtangaza kwa wateja kuwa ni "hadithi ya mafanikio", ni unyonyaji wa kawaida uliovaa leso.

Na hata mtaani penyewe, madarasa ya bure yasiwe ya bure daima. Nimebishana juu ya hili na watu ninaowaheshimu, na bado nasimama hapo. Mtu hulipa shilingi kumi chooni, hulipa kuchaji simu, hulipa kutazama mpira wa Uingereza. Anaweza kulipa shilingi ishirini kwa saa moja ya mwili wake, na yule asiye nazo aingie bila kuulizwa mbele ya watu. Shilingi hizo zikikusanywa zinakuwa za mwalimu, na mwalimu anayelipwa na majirani zake anawajibika kwao kabla ya kumwajibikia mfadhili wa ng'ambo. Akichelewa wanamwambia. Akimshika binti vibaya wanajua anapolala.

Kinachobaki ni mahali. Kumbi za jamii zipo, nyingine zimejengwa kwa fedha za maeneo bunge, na kazi yake kubwa ni kungojea mikutano ya kampeni zikiwa na kufuli. Diwani wa wadi hahitaji bajeti mpya kuzifungua saa kumi na moja alfajiri, kabla watu wa mjengo na wa kufua hawajashika njia. Anahitaji mtu wa kushika ufunguo, taa inayowaka, na sakafu iliyofagiliwa. Walimu wapo tayari.